Asiyeandika Hakwenda

Waipa za gari zilikuwa zimeinuliwa.

Inspekta Ragnfrid Myklebust alilizunguka gari lile mara ya pili, mikono mfukoni, theluji ikilia chini ya viatu vyake. Lilikuwa gari dogo la kijivu, limeegeshwa sawasawa kati ya mistari kwenye gati la Naustvika, milango imefungwa. Ndani mlikuwa na kikombe cha kahawa iliyoganda na glavu moja isiyo na mwenzake. Na kwenye kioo cha mbele waipa mbili zimesimama wima, kama masikio ya sungura aliyesikia mbwa.

Mbele kidogo, wapiga mbizi walikuwa wanazama na kuibuka katika maji meusi ya fjodi, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima. Walikuwa wanamtafuta mwenye gari.

"Nani kaziinua hizi?" Ragnfrid aliuliza.

"Hakuna aliyegusa kitu, afande," alijibu konstebo Sindre Haukås, jibaba lenye ndevu nyekundu zilizoshika barafu. "Jana asubuhi tumelikuta hivihivi."

"Wewe ukiegesha wakati wa baridi kali, unaziinua?"

"Nikikumbuka. Usipoziinua zinagandana na kioo. Asubuhi unakwangua huku unamtukana aliyeumba Februari."

"Na mtu asiyetarajia kuiona asubuhi?"

Sindre alizitazama zile waipa kama ndiyo kwanza anaziona.

Ragnfrid alikuwa mtu wa vitendawili tangu utotoni, tangu enzi za kukaa chini ya meza ya bibi yake akisikiliza wakubwa wakitegeana. Kila kesi kwake ilikuwa ni mtu ametega naye anatafuta jibu. Ila kwenye kitendawili cha nyumbani ukishindwa unatoa mji, watu wanacheka, mnaendelea. Hapa hapakuwa na mji wa kutoa. Hapa palikuwa na Oddvar Skjelbreid, mtengeneza tovuti, mjane, ambaye hajaonekana tangu Ijumaa na simu yake haipatikani. Na leo ilikuwa Jumanne.

"Mama, waambie watoke humo majini."

Aliyesema alikuwa Synneva, binti wa Oddvar. Alikuwa amesimama hapo gatini tangu jana, kofia ya baba yake imemfunika hadi kwenye nyusi. Alikuwa ametoka mji wa Florø kwa boti ya kwanza aliposikia, akaliacha darasa lake la chekechea mikononi mwa mwenzake.

"Mwanangu, gari liko hapa," Ragnfrid alisema kwa upole. "Na kazini wanasema alikuwa na hali mbaya."

"Baba yuko mlimani."

"Jana pia umeniambia hivyo. Nikakuuliza, alimuaga nani?"

"Ndiyo hapo sasa!" Synneva alimshika mkono wa koti. "Baba alinifundisha kanuni ya mlima kabla hajanifundisha kufunga kamba za viatu. Usiende bila kusema unakwenda wapi na unarudi lini. Yule hawezi kwenda hata kuchuma uyoga bila kuaga. Na akienda mlimani huwa anaacha gari hapa, anapanda basi, maana macho yake hayawezi barabara ya theluji jioni."

"Kwa nini hakukuaga wewe?"

"Kwa sababu anatumia nyumba ya mlimani ya ofisi yao. Wanaotumia nyumba ile wanaandika kwenye tovuti ya ofisi. Miaka yote anaandika huko. Tovuti yenyewe kaijenga yeye!"

"Tumeangalia. Hakuandika."

"Basi kaandika wapi?"

Ragnfrid alimgeukia Sindre. "Dereva wa basi la mlimani?"

"Nimemuuliza tena, afande. Ijumaa ile ndiyo ilianza likizo ya baridi. Anasema basi zima lilikuwa wazee wenye mabegi na kofia za sufu, hata angepanda mama yake mzazi asingemjua."

Simu ya Ragnfrid ilitetema. Alikuwa Halvard Øygard, mkuu wa msako, na nyuma yake ulisikika upepo ukipiga hema.

"Ragnfrid, nisikilize. Nina kikosi kimoja cha pikipiki za theluji. Dhoruba inaingia mchana huu. Helikopta hairuki. Watu wa barabara wamenijulisha wanafunga njia ya mlimani wakati wowote, na wakifunga, hakuna anayepanda mpaka keshokutwa. Mlimani kule kuna nyumba mamia, na ile ya ofisi yake wenyewe wanaapa hayumo. Nipe mlango mmoja niwapeleke vijana. Huna mlango, wanabaki gatini, na giza likiingia nasimamisha kila kitu."

"Nipe muda kidogo."

"Muda hauko mfukoni mwangu, dada."

*

Ofisi ya Kvervel ilikuwa ghorofa ya juu ya kilichokuwa kiwanda cha sufu. Walitengeneza tovuti za shule na manispaa za mkoa ule. Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa anatengeneza kitu. Watu walikaa mbele ya skrini zao, mikono mapajani, kama wafiwa wanaosubiri jeneza.

Meza ya Oddvar ilikuwa dirishani. Ilikuwa tupu. Imefutwa mpaka inang'aa, droo hazina kitu, na chini yake kwenye kapu la karatasi mlikuwa na vitabu vyake vya kazi, vile vinene vya kufundishia kuandika tovuti, vimetupwa vyote.

"Ndivyo tulivyoikuta Jumatatu," alisema Benedikte Hovden, bosi wa Kvervel. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele zimebanwa sawasawa, lakini macho yalikuwa yamevimba. "Nilipoiona tu nikapiga simu polisi. Mtu hafuti meza yake hivyo kama ana mpango wa kurudi."

Ragnfrid alichuchumaa kando ya kapu, akakipindua kitabu kimoja. Kimechakaa, kurasa zimechanguka kwa kufunguliwa.

"Nieleze ya Ijumaa."

"Kila Ijumaa tunakula vafla," Benedikte alianza. "Watu wote wanaacha kazi, tunakusanyika jikoni, tunaoka, tunapaka jamu. Ni saa ya furaha. Na mimi nikaiharibu." Alivuta pumzi. "Tumebadilisha jukwaa la kutengenezea tovuti. Linaitwa Hespa. Nililichagua mimi. La zamani tumelizima, pamoja na tovuti yetu ya zamani. Kila mmoja alipewa wiki tatu za mafunzo na zoezi la kutengeneza ukurasa wake wa kwanza. Wote walimaliza isipokuwa Oddvar. Nikamwambia mbele ya watu: Jumatatu ukija huna ukurasa, nakutoa kwenye tovuti, utakaa kwenye simu upokee malalamiko."

"Akasema nini?"

"Aliiweka vafla yake mezani, akarudi kwenye kiti chake."

"Na mimi nikaongeza chumvi kwenye kidonda," ilisikika sauti nyuma yao.

Alikuwa Jostein Tveiten, aliyewafundisha wenzake lile jukwaa jipya. Mwembamba, kucha ametafuna hadi damu. "Nilisema jiko la vafla limejifunza Hespa kabla ya Oddvar. Watu wakacheka. Mungu wangu, hata yeye alicheka."

"Kilichomshinda hasa ni nini?"

"Yule miaka yote anaandika tovuti kwa mkono, mstari kwa mstari, kama mtu anayefuma sweta. Hespa haitaki ufume. Inakupa vipande vilivyokwisha kufumwa, wewe unavipanga tu. Yeye kila kipande alitaka akifumue aone ndani kuna nini. Nikimwambia bofya hapa, ananiuliza kwa nini. Siku moja nilimkuta ameshika kichwa anaiambia skrini, 'Mama wee, nilikukosea nini?'"

"Ijumaa nani alitoka wa mwisho?"

Wale wawili walitazamana. "Yeye," alisema Benedikte. "Likizo ilikuwa inaanza, na ingawa sisi hatufungi, watu waliondoka mapema. Tulimwacha hapo dirishani."

Ragnfrid aliomba aonyeshwe stoo. Penye kesi ya mtu aliyepotea huwa hauliziwi mtu peke yake, unauliziwa na mzigo wake. Stoo ya Kvervel ilijaa makoti, viti vibovu na jiko la vafla. Ukutani kulikuwa na vigingi, na kwenye vigingi vilining'inia viatu vya theluji, vile vipana vya kutembelea pasipo na njia. Kigingi kimoja kilikuwa kitupu.

"Vya hapa viko wapi?"

"Mtu ameazima," Jostein alisema. "Hapa tunaazimana bila kuulizana."

"Nani?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana ya bila kuulizana."

"Nikiwauliza wote waliomo humu, yupo atakayesema ni yeye?"

Jostein alitoka, akarudi. "Hakuna."

Benedikte alishaelewa swali linakokwenda, akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hayuko kwenye nyumba yetu. Hilo ndilo la kwanza nililoangalia Jumatatu. Tuna desturi moja ambayo hakuna anayeivunja: asiyeandika hakwenda. Ukitaka nyumba ya mlimani unaandika jina, njia unayopita na siku ya kurudi. Usipoandika huendi. Mfalme mwenyewe akija ataandika. Na Oddvar ndiye aliyetutungia desturi hiyo, baada ya mwenzetu mmoja kupotea kwenye ukungu."

"Sasa wanaandika wapi, maana mmesema tovuti ya zamani mmeizima?"

"Tulimwomba mmoja wetu atengeneze ukurasa mpya kwenye Hespa. Ukurasa haujatengenezwa, kwa hiyo nyumba imefungwa kwa sasa. Kila mtu anajua."

"Nani mlimwomba?"

Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Oddvar," alisema Benedikte. "Ndilo lilikuwa zoezi lake."

*

Ragnfrid aliketi kwenye kiti cha Oddvar, akaiwasha mashine.

"Nionyeshe kwamba hakufanya."

Jostein aliinama begani kwake, akafungua tovuti mpya ya ofisi. Kurasa za mazoezi zilijipanga: mmoja wa mapishi ya samaki, mmoja wa timu ya mpira, mwingine wa paka. Wa nyumba ya mlimani haukuwamo.

"Umeona? Hakuna."

"Naona hakuna kwako. Ingia kwa jina lake."

"Hatujui nenosiri lake. Watu wa Hespa wako nje ya nchi, nimewaandikia tangu jana watufungulie. Wanasema ombi letu limepokewa na tunathaminiwa sana."

Nje, anga ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya risasi. Simu ya Ragnfrid ilitetema tena, Halvard. Hakupokea.

"Nifundishe mimi," alisema.

"Nini?"

"Hespa. Nifungulie jina la mwanafunzi, unifundishe kama ulivyomfundisha yeye. Usiruke hatua."

"Mama, watu wako majini huko! Dhoruba inakuja! Unataka somo la kompyuta?"

"Mwanangu, mimi sijui alikokwenda. Ninachojua ni mahali alipokaa mara ya mwisho, ndipo hapa nilipokaa. Nitatembea alikotembea mpaka nione alipokanyaga. Haya, mwalimu. Anza."

Basi akaanza. Na yeyote aliyewahi kufundishwa jambo jipya na mtu mwenye haraka anajua yaliyompata Ragnfrid. Bofya hapa. Siyo hapo, hapa. Umefuta, rudisha. Vuta kipande hiki, kiachie pale. Kipande kikakataa kuachiwa. Kikakimbilia pembeni, kikajigeuza kuwa picha ya wanawake wanaocheka na kompyuta. Ragnfrid alitokwa na jasho shingoni. Alibofya, ukurasa ukawa mweupe. Alibofya tena, ukawa mweupe zaidi.

"Nilikukosea nini, mama wee," alijisemea, na Jostein akaangalia pembeni.

Mwisho vipande vikakaa. Aliombwa aandike chochote. Akaandika kilichokuwa kichwani: *Nimejenga nyumba barabarani, wapita njia hawaioni.* Akabofya kitufe cha chini. Alama ya kijani ikachomoza kama chipukizi, na neno moja kubwa: TAYARI!

Kifua kilimpanda kwa fahari. Haikuwa wakati wake wala mahali pake, lakini kilipanda. Akaiangalia ile meza iliyofutwa, akaviangalia vile vitabu vichakavu kapuni.

"Jostein. Ulipofika hapa, penye TAYARI, wewe ulifanyaje?"

"Nilinunua keki."

"Mtu aliyesumbuka wiki tatu, akafika hapa peke yake, Ijumaa, ofisi tupu. Hivi vitabu vya njia ya zamani bado anavihitaji?"

Jostein alikuwa analitazama lile kapu kwa jicho jingine.

"Hakufuta meza kwa kuaga," Ragnfrid alisema polepole. "Alifuta kwa sababu ameshinda." Alichukua simu, akampigia Sindre gatini. "Sindre, fungua tovuti ya Kvervel. Kuna ukurasa wangu hapo, nimeutengeneza sasa hivi. Una kitendawili. Nisomee."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Afande, naona samaki. Naona paka."

"Kitendawili?"

"Hakuna kitendawili."

"Angalia vizuri, mimi ninao hapa mbele ya macho, una alama ya kijani na—"

Aligeuza shingo taratibu kumtazama Jostein.

"Kwa nini hauonekani wangu?"

"Hauonekani mpaka mkubwa wako auidhinishe," Jostein alisema. "Mpaka hapo unauona wewe tu. Kwako una kila kitu, unaweza hata kuujaza. Kwa wengine haupo. Kila mtu anajua hivyo."

"Kila mtu kajulia wapi?"

"Imo kwenye somo la mwisho."

"Somo la mwisho lilikuwa lini?"

Jostein aliweka kiganja mdomoni. Maneno yalipita katikati ya vidole. "Jana, Jumatatu."

"Za samaki na paka zimeonekanaje kabla ya Jumatatu?"

"Niliwaidhinishia mimi. Wale wako chini yangu. Oddvar..." Aligeuka kuelekea mlango wa kioo wa chumba cha bosi. "Oddvar yuko chini ya Benedikte."

*

Benedikte alikuwa kwenye simu na wapiga mbizi. Ragnfrid aliichukua simu mkononi mwake, akaikata.

"Fungua kurasa zinazosubiri idhini yako."

"Zipi?"

"Kwenye Hespa. Wakubwa wana mahali pa kuidhinisha. Fungua."

Bosi aliikalia kompyuta yake. Akabofya hapa, akabofya pale. Akafungua kitu, akakifunga. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye kola ya shati hadi masikioni.

"Dada, dhoruba haisubiri."

"Sijui paliko," alisema Benedikte.

"Unasemaje?"

"Sijui paliko!" Alisukuma kiti nyuma. "Sikuhudhuria mafunzo. Nilikuwa na vikao. Nililichagua, nikalilipia, nikawaambia wote walijifunze, na mimi sijawahi kulifungua hata siku moja. Zile taarifa zake zilikuwa zinaniletea kelele kwenye simu, nikazizima." Alijifunika uso. "Nilimwaibisha mzee wa watu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui."

Jostein alipita mbele yake, akainama kwenye kompyuta, akabofya pembeni kabisa, kwenye alama ya kengele ndogo iliyopigwa mstari. Ukurasa mmoja ulikuwa unasubiri. Mmoja tu.

Akaufungua.

Ulikuwa mzuri. Hata Ragnfrid, mwanafunzi wa nusu saa, aliona ulivyo mzuri. Juu kulikuwa na picha ya nyumba ndogo ya mbao kando ya ziwa lililoganda, na chini yake *Svartetjørn, nyumba yetu sote.* Ramani ilikuwa mahali pake, hali ya hewa mahali pake. Na chini kabisa, palepale palipotakiwa mtu aandike, palikuwa pameandikwa:

*Oddvar Skjelbreid. Naondoka Ijumaa kwa basi la jioni, nashukia kituo cha juu, napita kando ya mto kwa viatu vya theluji. Narudi Jumapili. Nisiporudi, njooni.*

Na alama ya kijani. TAYARI!

Benedikte alitoa sauti kama ya mtu aliyepigwa ngumi tumboni. Ragnfrid alikuwa tayari ameshika simu.

"Halvard. Nakupa mlango."

"Una uhakika? Nikiwatoa gatini siwezi kuwarudisha. Ukikosea—"

"Svartetjørn. Kaandika mwenyewe. Alitakiwa arudi Jumapili."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi moja ndefu. "Watu wa barabara wanashusha kizuizi sasa hivi."

"Waambie wanisubiri nipite, halafu wakishushe."

*

Ragnfrid, Sindre na vijana wa Halvard walikipita kizuizi kimeshainamishwa nusu, na mtu mwenye koti la njano akipunga tochi kwa hasira. Kituo cha juu cha basi kilikuwa kimezikwa. Vijana wa uokoaji walishusha pikipiki za theluji bila maneno. Kiongozi wao alimtazama Ragnfrid, umri wake na viatu vyake.

"Bibi, wewe utabaki kwenye gari."

"Bibi yako anabaki kwenye gari. Mimi nakaa nyuma yako."

Walipanda kando ya mto. Upepo ulikuwa unachota theluji chini na kuirusha juu, mpaka mbingu na nchi vikawa kitu kimoja cheupe kisicho na mshono. Ragnfrid aliuficha uso mgongoni mwa yule kijana. Nyuma yao Sindre alikuwa anaomba kwa sauti, au anatukana, haikusikika vizuri. Mara moja pikipiki ya mbele ilizama mpaka usukani, wakaikwamua kwa mikono. Kijana mmoja akapiga kelele kwamba wakishindwa kuiona nyumba mara hii, warudi, la sivyo watatafutwa wao.

Waliiona kwa kuigonga. Pikipiki ya mbele iligota kwenye ukuta wa mbao.

Dohani hapakuwa na moshi. Sepetu ilikuwa imesimama juu ya paa, imechomekwa kwenye theluji, na ngazi imelala chini. Ragnfrid alizisoma zile mbili palepale: alipanda kupakua theluji ya paa, ngazi ikateleza. Kutoka kwenye ngazi mpaka mlangoni theluji ilikuwa imefuta kila alama. Hakutaka kuwaza mtu aliyevunjika anaupitaje umbali ule.

Mlango ulikuwa umegandamana. Sindre aliupiga bega, ukakataa. Akaupiga tena.

Ndani kulikuwa na giza na baridi ya kaburini. Kwenye jiko la kuni mlikuwa na majivu, na kwenye majivu misumari na bawaba. Viti havikuwepo. Meza haikuwa na miguu. Rafu za ukutani zilikuwa zimeng'olewa. Mbele ya jiko palikuwa na kichuguu cha magodoro, mablanketi na mapazia, na juu yake zulia la sakafuni.

Kichuguu hakikutikisika.

Ragnfrid alipiga magoti. Akafunua zulia, akafunua pazia, akafunua blanketi moja baada ya jingine, na kila alilofunua lilikuwa baridi. Mwishowe akaona ndevu nyeupe na midomo ya rangi ya bluu. Aliingiza vidole chini ya taya. Akasubiri. Upepo ulikuwa unaitikisa nyumba nzima, naye akasubiri.

"Yupo," alisema. "Yupo! Leteni ile mifuko ya joto!"

Vijana waliruka. Mguu wa Oddvar ulikuwa umevunjika juu ya goti, ameufunga mwenyewe kwa mguu wa meza na mkanda wa suruali. Walipomsogeza alifumbua macho. Yalihangaika, yakatua usoni mwa Ragnfrid.

"Polisi?"

"Polisi, baba. Ragnfrid. Synneva yuko chini anakusubiri. Usihangaike kusema."

Lakini alitaka kusema. Midomo ilichukua muda kuelewana.

"Nilijua mtakuja," alisema Oddvar. "Niliandika."

Sindre aliacha alichokuwa anafanya.

"Kila usingizi ulipotaka kunichukua nilijiambia, usilale, wewe mzee. Jumapili imepita, watu wameshasoma. Wako njiani." Machozi yalimtoka, yakakwama kwenye ndevu. "Jumatatu yote nilikuwa nawasikia mnapanda. Nasikia kabisa injini. Ndiyo maana sikulala. Ningeona aibu mnanikuta nimelala, na watu mmesumbuka."

Sindre alimtazama Ragnfrid, mdomo ukianza kufunguka. Ragnfrid alimpiga jicho, mdomo ukafungika.

Akauchukua mkono wa yule mzee, mgumu kama kuni, akauingiza ndani ya koti lake mwenyewe, chini ya kwapa, mahali penye joto.

"Njia ilikuwa mbaya, baba," alisema. "Utusamehe kwa kuchelewa."